Plagi za nyuma za Harrier V6: nilivyozibadilisha bila kufungua manifoldi

Harrier ya zamani yenye injini ya 1MZ-FE, lita 3.0, ikianza kumisi (silinda kushindwa kuwasha mafuta vizuri), plagi sita zenyewe si tatizo. Balaa ni ufundi. Silinda 2, 4 na 6 ziko mbele, unazifikia umesimama. Namba 1, 3 na 5 zimebanwa nyuma, kati ya injini na ukuta wa kabini, manifoldi ya hewa (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda) ikiwa juu yake. Gereji moja ilitaka kuifungua, ikanitajia laki na nusu ya ufundi, gasketi yake (ya kuziba kiungo) juu yangu. Nyingine ikataka kubadilisha za mbele tu, eti za nyuma bado nzima. Bila hata kuziangalia!

Nilichofanya ni kutoa waipa na trei ya plastiki iliyo chini ya kioo. Hapo mkono unapita. Injini ikiwa ya baridi, nilifungua bolti za koili (zinazopa plagi umeme) kwa soketi namba 10, nikapuliza vumbi kwanza lisidondoke ndani, kisha nikatumia soketi ya plagi ya 16 mm, ekstensheni fupi na jointi ya kupinda. Ya namba 3 ncha ilikuwa imelika, pengo limezidi kabisa 1.1 mm inayotakiwa.

Kurudisha, nilichomeka kipande cha mpira wa petroli kwenye kichwa cha plagi mpya na kuizungusha kwa vidole. Ikishika vibaya mpira unateleza, nyuzi za silinda hedi zinapona. Mwisho nikakaza kwa Nm 18 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kumisi kumekwisha, na gasketi ya manifoldi sikuigusa.