Datsun ya baba inaenda Naivasha

Jumanne ijayo saa 11 alfajiri tunatoka Dar mimi na mdogo wangu, tunaenda Naivasha, Kenya, kuangalia Safari Rally, yale mashindano ya magari, na tunaenda na Datsun 240Z ya marehemu baba, gari ya kasi ya viti viwili ya miaka ya sabini. Kama kilomita 1,000 kwenda peke yake. Watu wengi wameniuliza kwanini nisichukue ile Rav4 yangu nikaenda kwa raha zangu, na jibu langu ni kwamba hii gari jina lake limejengwa kwenye barabara za huku kwetu, sasa mi niiache hapa imefunikwa turubai wakati mashindano yenyewe yapo siku mbili tu kutoka nyumbani?

Kwa wasiojua: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari na 240Z, na aliyeshika nafasi ya pili, Shekhar Mehta, naye alikuwa kwenye 240Z. Mehta ni mzaliwa wa Uganda, akaja akashinda mwenyewe 1973 akiwa na Lofty Drews, tena kwa shida kweli kweli kwa sababu walilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine. Enzi hizo mashindano yalikuwa yanapita nchi zote tatu za Afrika Mashariki, na baba alikuwa anatusimulia walivyokuwa wanakaa kandokando ya barabara usiku na blanketi, mnaanza kusikia mlio kwanza, mlio wa silinda sita unakuja kutoka mbali gizani, taa mnaziona baadae sana. Hiyo hadithi nimeisikia labda mara mia na kila mara alikuwa anaishia kusema ipo siku tutaenda wote. Hatukwenda. Kwahiyo naenda.

Sasa maandalizi. Nimeanza mwezi wa tisa na nawaambieni ukweli, kama una gari ya zamani na unataka kutoka nayo nje ya nchi anza na karatasi, usianze na injini. Mimi nilianza na injini. Nimeshashusha sampo, nimeshanunua gasketi, ndio nakuja kutoa kadi kwenye bahasha nakuta jina bado ni la baba. Mpakani wanataka kadi halisi na jina lako, au barua ya mwenye gari kwamba amekuruhusu, sasa mwenye gari hayupo duniani utapata wapi barua. Ikabidi turudi kwenye mirathi, kaka yetu mkubwa ndio msimamizi, mahakama ya mwanzo, muhtasari wa kikao cha ukoo, ndio uende TRA, mamlaka ya mapato, kubadili umiliki. Miezi miwili na nusu. Hamna aliyenikwamisha makusudi, ni mlolongo tu, ila kama ningeanza na hilo ningelala usingizi Desemba yote. Vingine ni vyepesi: bima ya COMESA ile Yellow Card, ya kuvuka nayo mpaka, unaipata kwa kampuni yako ya bima (Tanzania tulijitoa COMESA lakini kwenye hii kadi bado tumo), pasi ya kusafiria, leseni, na kibali cha muda cha gari unamalizia pale Namanga mpakani. Pale siku hizi ni kituo kimoja, mnagongewa mihuri ya pande zote mbili sehemu moja.

Haya, gari yenyewe.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani hapa Dar, jina lake kaniomba nisiliandike, amefanya kabureta, zile zinazochanganya petroli na hewa, tangu kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza nimempelekea nikamwamkia, akaitikia, hakuuliza inasumbua nini, akaomba bisibisi. Akainua zulia upande wa abiria akaanza kugonga sakafu na mpini taratibu, ko, ko, ko, mpaka akafika karibu na kona ya mbele pale mlio ukabadilika ukawa puu. Akageuza bisibisi akasukuma kwa mkono mmoja tu, ikapita. Nikaona lami chini. Miaka mitatu nyuma kuna gereji ilinipigia rangi nzima na hapo ndipo walipojaza puti na kupaka juu, mi nikalipa nikafurahi nikapiga picha. Mzee akaniangalia akasema "mwanangu, rangi haibebi mtu." Tulikata sakafu pande zote mbili, na ile reli inayopita chini yake nayo tukakata nusu mita, tukachomea bati jipya. Hii kazi ilikula nusu ya bajeti yote. Kama una 240Z au unataka kununua, gonga sakafu, gonga chini ya betri, gonga pale nyuma ya mlango kabla ya tairi, hayo maeneo ndio kutu inapopenda.

Breki tumefanya zote, masta silinda mpya, wili silinda za nyuma, padi za mbele, na mafuta ya breki yote tumemwaga maana yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Rejeta ni ile ya shaba ya zamani, wengi walinishauri niweke ya aluminiamu, mzee akakataa, akasema hii ya shaba ikitoboka Same au Kajiado utapata mtu wa kuchomelea siku hiyohiyo, ile nyingine utalala nayo njiani. Na hiyo ndiyo sheria tuliyoifuata kwa kila kitu, hatujabadilisha kitu ambacho fundi wa njiani hatakijua. Kwahiyo imebaki na platini na kondensa zake za kuwashia plagi, naenda na seti mbili za akiba pamoja na rota, plagi sita, mkanda wa feni, hozi za juu na chini, na jani la fila la kupimia mwanya wa platini, zinakaa kwenye 0.5 mm hivi. Tapeti, yaani nafasi za valvu, tumeseti injini ikiwa ya moto, 0.25 mm inteki (za kuingiza hewa) na 0.30 ekzosti (za kutoa moshi), na mlio umebadilika kabisa, ulikuwa kama mtu anapiga taipu sasa ni kama cherehani.

Matairi nilikuwa nayajua mazuri. Kashata (meno ya tairi) zote zipo, hayajatembea hata kilomita elfu sita. Mzee akapangusa ubavu wa tairi na kitambaa chenye mafuta ya taa akaniita nisome: 1411. Maana yake limetengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2011. Halafu akalikunja kidogo na dole gumba ukaona mistari midogo midogo kama midomo iliyokauka. Ukikimbia nalo jua la saa 8 mchana kati ya Same na Moshi linakuchanikia. Nimenunua manne mapya ya 195/70 R14 na la tano la spea. Jamani someni hizo namba, dakika moja tu.

Safari ya majaribio ya kwanza ilikuwa Bagamoyo, ya pili Morogoro. Ya Morogoro ndio imetuokoa. Tulipofika Chalinze mdogo wangu akaanza kulalamika kichwa, mi nikadhani jua, tukafungua vioo, ikawa ndio mbaya zaidi, harufu ya petroli na moshi gari nzima. Tukasimama kwenye kituo cha mafuta tukashuka tukakaa kivulini mpaka kichwa kikakaa sawa. Kumbe hizi gari zina hozi nyingi za mvuke wa mafuta nyuma kule pembeni ya tenki, zimejificha nyuma ya paneli, za kwetu ni zile zile za miaka ya sabini, ukizishika zinakatika kama biskuti. Na mpira wa mlango wa nyuma umekufa, sasa ukifungua vioo hewa inavutwa kutoka nyuma na moshi wa ekzosti unaingia nao. Tumebadilisha hozi zote na mpira mzima. Nimeendesha tena Bagamoyo na watoto wa dada, vioo vyote wazi, hamna harufu. Hili nalisisitiza kwa sababu ule moshi unaua watu wakiwa wanahisi usingizi tu, na njia ya Segera usiku kila mtu ana usingizi.

Morogoro hiyo hiyo pia ilizimika foleni. Kabureta zake mbili zimekaa juu kabisa ya manifoldi ya ekzosti, ukisimama muda mrefu kwenye joto petroli inachemka humo ndani inakuwa mvuke, pampu inasukuma hewa. Ukisubiri dakika 20 boneti ikiwa wazi inawaka kama hamna kilichotokea. Mzee alikata bati la aluminiamu akaliweka katikati kama kinga, na bomba la mafuta akalisogeza mbali na injini. Tangu hapo haijarudia, nimeijaribu foleni ya Mbagala saa 11 jioni.

Lakini kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni somo la hewa. Mi nilikuwa sijui kabisa. Kabureta tumeiseti Dar, usawa wa bahari. Arusha ni kama mita 1,400, Nairobi 1,700 na ushee, ukitoka Nairobi kwenda Naivasha unapita Limuru juu ya mita 2,000. Huko hewa ni nyepesi, karibu sehemu moja ya tano imepungua ukilinganisha na hapa, lakini kabureta yenyewe haijui, inaendelea kumwaga petroli karibu ile ile. Basi gari inakuwa imeshiba mafuta, inatoa moshi mweusi, plagi zinakuwa nyeusi, inakosa nguvu mlimani na unaweza kudhani injini imekufa. Dawa yake ni nati ndogo chini ya kila kabureta, inapandisha au kushusha jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli, ukipandisha unapunguza mafuta. Mzee alinikalisha kwenye stuli Jumamosi nzima. Akanipa kipande cha hozi, upande mmoja sikioni upande mwingine kwenye mdomo wa kabureta, nisikilize msss wa kwanza na msss wa pili mpaka zilingane. Halafu unainua pistoni ya kabureta kidogo sana na kidole, injini ikipanda ikabaki juu mafuta yamezidi, ikitaka kuzima yamepungua, ikipanda kidogo ikarudi hapo sawa. Mara ya kwanza sikusikia tofauti yoyote. Kama saa 9 hivi sikio likafunguka, ghafla tu, nikasema hii ya nyuma inavuta zaidi, mzee akaitikia kwa kichwa akaendelea kunywa chai yake.

Nimepaka rangi ya kucha nyekundu kwenye kila nati na alama nyingine kwenye mwili wa kabureta, ili nikirudi pwani nijue pa kurudishia, maana ukishuka nayo ikiwa imepunguzwa mafuta injini inachemka na inaanza kugonga.

Vilivyobaki ni vidogo. Mtungi wa kuzimia moto umejazwa, pembetatu mbili zipo, maji lita 20, shilingi za Kenya kidogo. Vibao vya 50 nitaviheshimu vyote, tochi za trafiki za kupima spidi ni nyingi hiyo njia. Tenki ni lita 60 na inakula lita moja kwa kilomita 9 hivi, kwahiyo najaza Dar, Same, na Arusha kabla ya kupanda Namanga. Arusha tunalala.

Jana nimeenda kumuaga mzee. Nilimwomba aende nasi, kiti cha nyuma hamna kwenye hii gari lakini nilishasema mdogo wangu apande basi. Akakataa, mgongo. Ila akasema asubuhi ya Jumatano kabla sijagusa nati yoyote nimpigie, niwashe injini, niweke simu jirani na kabureta ya mbele halafu ya nyuma, nisiongee. Atasikiliza, ataniambia robo mzunguko au nusu.