Siku moja maishani mwangu: fundi wa kamba, Kigoma

Saa 11:30 alfajiri. Kigoma jua linachelewa. Dar watakuwa wanaona mwanga sasa hivi, sisi huku bado giza totoro. Halinisumbui, maana kamba nitakayoning'inia nayo ukutani leo naikagua kwa vidole. Napitisha mita 60 zote mkononi taratibu, nikitafuta palipolegea, palipobonyea au palipoota manyoya. Mke wangu anasema navuta tasbihi.

Saa 1:30 asubuhi. Saiti ni jengo la ghorofa nne mjini. Tunaziba nyufa na kupaka rangi ukuta unaotazama ziwa. Namwamkia mzee mlinzi, napanda juu na dogo ninayemfundisha kazi.

Watu wakiniuliza kama naogopa urefu nacheka. Ninachoogopa ni ukingo. Kamba ya milimita 11 inabeba uzito wa gari dogo bila shida, lakini iwekee mtu halafu ilaze kwenye pembe ya bati, utaona. Jana nilimwonyesha dogo kwa kipande chakavu. Kikiwa kimelegea, alihangaika nacho kwa kisu. Tukakining'inizia ndoo mbili za mchanga, akakigusa tu, nyuzi zikafunguka zenyewe. Aliacha kucheka.

Hapa juu ukuta mfupi wa paa umefunikwa bati lililokunjwa, na nguzo za zege za kufungia kamba ziko nyuma mita saba. Wengi hawajui shida ya umbali huo. Kila ninaposhuka au kusimama ghafla, kile kipande kati ya nguzo na ukingo kinavutika na kurudi, na pale kwenye bati kinakwenda kama msumeno. Kwa hiyo kwanza tunaweka mbao juu ya bati, kisha kila kamba inavaa soksi yake ya turubai nene. Soksi nazo zinafungwa kwa vikamba vyake, la sivyo zinateleza na kukuacha mtupu. Kamba ni mbili, ya kazi na ya akiba, kila moja na nguzo yake. Dogo alitaka kuzipitisha zote kwenye soksi moja.

"Kaka, si zote zinalindwa?"

"Na soksi ikihama je?"

Akaenda kutafuta ya pili.

Saa 3. Kuvuka ukingo. Hii ndiyo dakika mbaya ya siku nzima. Najifunga kabla sijasogelea ukuta, nakaa juu yake, nashusha uzito polepole mpaka kamba zikaze, ndipo naangalia tena soksi zimekaa wapi. Siruki. Wanaoruka ni wa kwenye sinema.

Saa 6 mchana. Ugali wa muhogo na migebuka, kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Sina la kuongeza, isipokuwa migebuka ya mawese imenichelewesha kurudi kazini.

Saa 8. Upepo wa ziwani umeamka. Kuna kona imebaki, kama mita mbili kulia kwangu, na rangi iko kwenye ndoo. Ukinyoosha mguu unafika. Miaka iliyopita, Tabora, kwenye tangi la maji, nilinyoosha mguu hivyohivyo. Nilimaliza kona, nikapanda, nikakuta ganda la kamba limechanika na nyuzi nyeupe za ndani zinanitazama. Kwenda pembeni kulikuwa kumeiburuza kamba ukingoni nje ya kitambaa chake. Nilikaa juu ya lile tangi mpaka miguu ikaacha kutetemeka.

Basi leo napanda. Nusu saa nzima ya kuhamisha mbao, soksi na mafundo, msimamizi akiangalia saa yake kule chini. Mwache aangalie.

Saa 11 jioni. Tunakunja. Kamba ya akiba iko safi. Ya kazi, pale ilipolala ukingoni, ina pahali laini urefu wa kidole. Labda si kitu. Nachomoa kisu, naikata hapohapo, na kile kipande kifupi nakichanja vipande vya mkono mmoja mmoja, asije mtu akaning'inia nacho.

Mzee mlinzi anasikitika: "Mwanangu, si ungenipa nzima nikafungie mbuzi?"

Nampa vipande vinne. Mbuzi wake ni wawili.