Mlango usio na kibao

Jumapili, Nakuru

Kutafuta baa katika mji huu hakuhitaji akili. Shuka steji yoyote, Bondeni au Free Area, masikio yatakufikisha. Kuwatafuta watu walioacha pombe ndiyo kazi, na sababu yake nimeielewa majuzi tu: wamejificha ili watu kama mimi tuweze kuja.

Nawasema watu wa Alcoholics Anonymous, wengi tunawaita AA tu. Kule hakuna majina kamili. La kwanza latosha, na likiwa la kubuni hakuna atakayekuuliza. Jambo lenyewe lilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji, walevi wote wawili, walipoona kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko mke, padri au bosi. Ada hakuna. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha.

Kwa mwanamke siri hiyo si jambo dogo. Mwanamume akilewa, ploti nzima inacheka, watoto wanamwigiza anavyoyumba, na kesho yake ataitwa mzee kama kawaida. Mimi nilikunywa chumbani, mlango kwa komeo, chupa ndani ya debe la unga, redio juu. Ningeanzaje kumwambia jirani, "Mama Shiru, wale wa kuacha pombe hukutania wapi?" Kuuliza ni kujitangaza.

Intaneti ilinipa anwani ya ukumbi mmoja wa kanisa. Nilipofika nikamkuta soja anamwagilia maua. "Wale wa mkutano? Walihama kitambo." Walihamia wapi? Hajui. Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, nami nikajikuta nasema namtafuta mjomba wangu. (Wajomba zangu wote ni walokole, Mungu anisamehe.)

Aliyenifungulia njia ni nesi. Nilikuwa nimepeleka tumbo kliniki, yeye akaona mikono. Hakunihubiria. Alinionya nisithubutu kuacha ghafla, peke yangu nyumbani, kwa sababu mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupatwa na degedege, na wengine hufa. Kuna dawa, akasema, na daktari atakuangalia siku hizo za mwanzo. Mkutano si hospitali. Kisha akashusha sauti: "Nina mtu. Nikimpa namba yako, utashika simu?"

Nilishika. Mama mtu mzima, sauti ya kukwaruza kidogo. "Umekunywa leo, mwanangu?" Nikajibu kidogo. "Sawa. Jumatano saa kumi na moja jioni. Ukifika langoni nipigie, nitatoka nje nikuchukue."

Hiyo saa kumi na moja nimeifikiria sana. Sheria ya pombe ya 2010, tunayoiita sheria ya Mututho kwa sababu ndiye aliyeisukuma bungeni akiwa mbunge wa Naivasha, kaunti yetu hii hii, iliweka baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Wanaoivunja ni wengi, tunawajua. Lakini saa yenyewe imeingia mwilini. Hata mimi nisiyekanyaga baa, jua likielekea kutua na duka limefungwa, koo lilikuwa linajua. Sijui kama aliyepanga mkutano ule aliliwaza hilo. Kwangu alipiga penyewe.

Niliowakuta ndani sitawasema. Kilichonitisha ni kwamba mtu anaongea hadi anamaliza na hakuna anayemjibu. Hakuna shauri, hakuna "ungefanya hivi". Sisi tuliolelewa na vikao vya ukoo, ambapo hata shemeji wa mbali ana la kukuelekeza, kimya kile kinatoa jasho. Kiswahili kikachanganyika na Gikuyu na Kiingereza, mtu akalia, mtu akacheka katikati ya kilio cha mwenzake kwa kuwa hayo hayo yalimpata, na aliyekuwa analia akacheka pia. Chai ilikuwa tamu kupita kiasi. Waliotangulia wanaamini sukari hupunguza hamu.

Mwishoni kofia ilizungushwa kwa kodi ya ukumbi na majani ya chai. Pesa za watu wa nje hawapokei, ndiyo kanuni yao, kwa hiyo hapajawahi kuja mheshimiwa na bahasha na wapiga picha. Hilo peke yake lingenitosha kurudi.

Nimekuwa nikirudi. Na wiki hii nimewachokoza: kwa nini tusiweke kibao? Mzee mmoja akakataa katakata, majirani watakaa kibarazani kuhesabu anayeingia. Mwingine akasema kanuni inatukataza kujipigia debe. Yule mama wa simu akawauliza kama kumwambia mgonjwa kuna dawa ni kujipigia debe. Tukabishana mpaka chai ikapoa, kisha tukapiga kura. Kibao kimeanguka. Karatasi imepita, ya kubandikwa kliniki na kwenye maduka ya dawa, yenye siku, saa, namba ya simu ya kikundi, bila mahali. Chini yake tutaandika 1192, laini ya bure ya NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kwa asiyeweza kungoja Jumatano.

"Sasa nani atakubali kuonekana akiibandika?" akauliza yule mzee. Watu wakaangalia viatu vyao. Nikasema nitaanza na kliniki ya yule nesi.