Karo lisilojaa

Pita Paje, Jambiani au Nungwi hapa Unguja utasikia mtu akilisifu karo lake la maji ya chooni: "Tokea tuhamie halijawahi kujaa." Hiyo si sifa. Karo lililojengwa sawasawa hukaa limejaa maji siku zote. Ndoo inayoingia upande huu huisukuma ndoo nyengine itoke upande wa pili. Lisilojaa ni lile lililoachwa wazi chini, au lile ambalo wachimbaji walifika kwenye mwamba wakakuta ufa na kila mtu akafurahi. Ufa hauchuji kitu. Ndani ya jiwe la matumbawe uchafu unasafiri kama ulivyo, ukatokee kisimani kwa jirani au ufukweni maji yakipwa.

Basi kabla ya kuagiza tofali, ijue ardhi yako. Kichanga hunywa maji upesi na huchuja kiasi. Kinongo, ule udongo mwekundu wa upande wa magharibi wa Unguja, ndio rafiki wa karo. Kinamo cha mabondeni kwenye mpunga hakinywi. Uwanda na maweni, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe ya mashariki na kusini ya Unguja na Micheweni kule Pemba, yana habari yake peke yake.

Kupima ni rahisi. Chimba kishimo cha sentimita 30 kwa 30 mpaka kina kile ambacho maji ya karo yatamwagwa. Kijaze maji jioni, kiache kinywe usiku kucha. Asubuhi tia maji ya sentimita 15 na uangalie yanachukua muda gani kushuka sentimita 2.5. Dakika 5 mpaka 30 ni nzuri. Zikizidi 60, masika yakifika uwani patanuka. Yakipotea chini ya dakika moja, ujue uko juu ya mchanga mkavu mno au jiwe lenye matundu, na hapo shimo la kunyonya la kawaida, lile linalopokea maji yanayotoka karoni, halifai. Kwa walio karibu na pwani, kina cha maji ya chini kipimwe siku za bamvua, bahari inapojaa zaidi, saa ya maji kujaa. Fundi akipima wakati wa maji mafu atakuambia pakavu, na wiki moja baadaye shimo litakuwa na maji ya bahari.

Sasa ukubwa. Nyumba ya watu 8, kila mtu lita 100 kwa siku, ni lita 800. Maji yanahitaji kutulia siku mbili: lita 1,600. Uchafu unaozama ni kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Ukitaka gari lije kulinyonya karo kila baada ya miaka mitatu, ongeza lita 960. Jumla lita 2,560. Jenga la urefu wa mita 2.4, upana mita 1, kina cha maji mita 1.5, upate lita 3,600 na nafasi ya wageni wa Sikukuu. Juu ya maji acha sentimita 30 za hewa.

Sakafu ni zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 15. Kuta ni tofali za inchi 6 zisizo na matundu, za kulaza, kama tofali 220 ukihesabu na zitakazovunjika. Saruji mifuko 17 mpaka 20 kwa kazi nzima. Plasta ya ndani iwe 1:3 (saruji kwa mchanga), ipakwe mara mbili, na pembe zote zizungushwe ziwe mviringo, kwani pembe kali ndiyo huanza kupasuka. Mchanga wa pwani usiupokee hata ukiletewa bure: chumvi inakula nondo, na mfuniko utakuja kumwangukia mtoto. Nondo za mfuniko ni milimita 10, kila sentimita 20, zege sentimita 10.

Ndani gawa vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili, yaani mita 1.6. Ukuta wa kati uwe na tundu nusu ya kina, si juu wala chini: juu pana povu la mafuta, chini pana tope, na unachotaka kivuke ni maji ya katikati tu. Ukuta huo usigote mfuniko, hewa ipite mpaka kwenye bomba la hewa.

Mabomba ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 5 mpaka 7. Yote mawili yawekwe T ya inchi 4. Mguu wa T ya kuingilia uzame sentimita 30, wa kutokea sentimita 60. Fundi akikuwekea elbo tupu au akaacha bomba wazi, povu litatoka moja kwa moja na kuziba shimo la kunyonya ndani ya mwaka. Kutoka chooni bomba lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita, na kila kona iwe na chemba, kishimo chenye mfuniko cha kuzibulia. Hapa kwetu choo hakielekezwi kibla, na kibla iko kaskazini, kwa hiyo kukaa kwa choo na njia ya bomba vipangwe pamoja kabla ya msingi. Vinginevyo utaishia na kona tatu chini ya sakafu.

Kabla ya kufukia, lijaze maji. Siku ya kwanza tofali zitakunywa, usishituke. Siku ya pili tia alama; yakishuka zaidi ya sentimita moja kwa saa 24, linavuja, rudia plasta.

Maji yanayotoka bado ni machafu. Kwenye kinongo, shimo moja la duara halitoshi watu 8. Chimba mitaro miwili ya mita 10, upana sentimita 60, iachane mita 2, jaza kokoto kubwa, laza bomba lenye matundu, funika gunia ndipo udongo. Pemba kwenye vilima mtaro ukate mteremko, usiufuate, la sivyo maji yote yatakusanyika mwisho na kububujika. Kisima kiwe mbali mita 30, tena upande wa juu. Kwenye jiwe, hata mita 30 hazikuhakikishii kitu. Huko jenga kitanda cha mchanga juu ya ardhi, kina sentimita 60, mita 4 kwa 5, maji yachujwe ndipo yaguse mwamba. Ni ghali, mchanga Unguja ni mali. Ukitenga maji ya kuoga na kufulia yakapita mchujo wake kwenye migomba, kitanda kinapungua zaidi ya nusu. Na kwa kuwa kiko juu, inua msingi wa choo au weka pampu ndogo.

Tangi la plastiki la kuwekea maji juu ya nyumba lisizikwe. Halikutengenezwa kubeba udongo, hujikunja.

Pampasi, mafuta ya kukaangia na jiki nyingi viwe mbali na choo. Dawa za kumimina karoni hazihitajiki, vijidudu vinavyofanya kazi tunavileta wenyewe. Kila mwaka chovya mti uliofungwa kitambaa cheupe: tope likifika theluthi ya kina, ita gari la kunyonya. Mtu asiingie ndani hata karo likiwa tupu, wala asimulike kwa kibiriti. Mara nyingi anayekufa wa pili ni aliyekwenda kumtoa wa kwanza. Likishanyonywa, lijaze maji siku hiyohiyo, hasa masika, kwani karo tupu katika ardhi iliyolowa huinuka na kukata bomba la kuingilia.