Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa tohara, Urambo

Saa 12:30 asubuhi. Juni ndio mwezi wetu wa kazi nyingi. Tumbaku imeshavunwa, na wengi wanaamini kidonda hupona haraka wakati wa baridi. Kinachoponya ni usafi na kufuata maelekezo, hata Oktoba jua likiwaka. Nakagua vifaa vilivyotakaswa, ganzi, nyuzi na glavu.

Saa 2. Elimu ya pamoja chini ya mwembe. "Mwangaluka!" Wanaitikia. Jando halikuwa mila ya Wanyamwezi, ndiyo maana kwenye benchi kijana wa sekondari anakaa na baba mwenye wajukuu, na huyo baba anaona aibu. Tukiweza, watu wazima tunawapangia zamu yao.

Swali la kwanza ni lile lile: nikitahiriwa, UKIMWI basi? Hapana. Tafiti za Afrika Kusini, Kisumu (Kenya) na Rakai (Uganda) zilionyesha hatari ya mwanaume kuambukizwa na mwanamke inapungua kwa takriban asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza huduma hii. Ngozi ya ndani ya govi ina seli nyingi ambazo virusi hushika kwa urahisi. Hatari iliyobaki bado ni kubwa. Kondomu iendelee.

Saa 3. Ushauri wa mmoja mmoja, na hapa ndipo maswali ya kweli hutoka. Mkulima mmoja anafunga mlango mwenyewe, anainamisha macho. "Dada, nguvu zangu zitabaki?" Zitabaki, baba. Tafiti hizo hizo ziliwafuatilia wanaume, na tohara haikuwapunguzia nguvu. Kuzaa je? Mbegu zinatengenezwa kwenye korodani, sisi hatuzigusi. Hili namjibu taratibu, maana najua limemzuia kuja kwa muda mrefu.

Saa 4 hadi saa 8. Upasuaji. Kila mtu anapimwa uzito kwanza, kwa sababu kipimo cha ganzi hufuata kilo. Kijana mmoja tundu la mkojo liko upande wa chini; hatumtahiri, tunampa rufaa, kwani govi hilo linaweza kuhitajika kumrekebishia.

Saa 8:30. Mke wa yule mkulima ameitwa, kwa ridhaa ya mumewe. Ningependa wake wote waje. Kukaa wiki 6 bila tendo la ndoa ni sharti la nyumba nzima, na mwanaume akiachiwa alibebe peke yake hulivunja kidonda kikionekana tu kimekauka. Akivunja, kidonda kibichi humweka kwenye hatari zaidi, na kama ana virusi, mke pia.

"Na mimi nitakuwa nimekingwa?" anauliza. Dhidi ya VVU, mama, tohara ya mumeo haikukingi wewe moja kwa moja. Inasaidia kupunguza maambukizi ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Bado nakushauri uje upimwe mlango wa kizazi. Anakubali kurudi siku ya kliniki.

Saa 10. Waliotimiza saa 48 wanafunguliwa bandeji. Mmoja bibi yake alimshauri apake majivu. Nafurahi ameuliza kabla ya kupaka: majivu na kinyesi cha ng'ombe huingiza pepopunda. Maji safi na sabuni, basi. Nyuzi zitayeyuka zenyewe. Ukiona damu haikati, usaha, uvimbe unaozidi au mkojo unagoma, njoo hata usiku.

Saa 11:30. Najaza rejista, nampigia simu mmoja ambaye leo hakutokea. Amesema atakuja kesho saa 2.