Vitenzi vya Kiitaliano: anza kusoma kutoka mwisho

Ukifungua kitabu chochote cha sarufi ya Kiitaliano utakutana na yale majedwali, kitenzi kimoja tu parlare (kuongea) kimejaza ukurasa mzima, indicativo (hali ya kueleza jambo lilivyo) peke yake ina nyakati 8, congiuntivo (ya kutaka na kudhani) 4, condizionale (ya -nge-) 2, afu kuna imperativo (ya kuamuru), afu na vile visivyobeba nafsi yaani infinito (kitenzi kilivyo kwenye kamusi, parlare), participio (parlato) na gerundio (parlando), na wengi hapo ndo wanafunga kitabu wanaenda kulala. Mi naona wingi sio tatizo. Tatizo ni kwamba tunayakariri kama wimbo, io parlo tu parli lui parla, mpaka mdomo unazoea lakini mtu akikuuliza ghafla "nyinyi mlikuwa mnaongea" unasemaje, inabidi uanze wimbo toka juu mpaka ufike kwa voi.

Na sisi watu wa Kiswahili hatukutakiwa kuteseka hivyo, manake vitenzi vyetu vimeundwa kwa vipande na tunavikata bila hata kufikiria: tu-li-sema, wa-ta-sema. Kiitaliano kina vipande vilevile ila vimepangwa kwa nyuma, shina linakaa mbele, wakati katikati, nafsi mwisho kabisa. Chukua parlavamo, "tulikuwa tunaongea". Parl ndo shina, a ni irabu ya kundi lake (vitenzi vinavyoishia na -are), va ndo wakati, mo ni sisi. Parlassimo ("kama tungeongea") je? Parl-a-ssi-mo, umebadilisha kipande kimoja tu. Ukishaona hivi jedwali linasinyaa lenyewe, kwa sababu sisi (noi) siku zote inaishia na -mo, nyinyi (voi) siku zote -te, wao (loro) ni -no au -ro basi, na wewe (tu) inaishia na -i karibu kila mahali: parli, parlavi, parlasti, parlerai, parlassi, parleresti. Pita kwenye nyakati zote ukague mwenyewe. Kinachobaki kukariri kweli ni mimi na yeye, hao ndo wasumbufu.

Imperfetto, yaani huo wa "nilikuwa naongea", ndo wakati mpole kuliko wote, kipande va kimekaa hapo makundi yote matatu na kinachobadilika ni irabu tu, parlavo, credevo, dormivo. Mi ningekuwa naandika kitabu ningeanza na huo badala ya presente (wakati uliopo), lakini vitabu haviandikwi na mimi.

Kuhusu makundi: -are, -ere, -ire. La -are ndo kubwa na ndo linaloendelea kukua, maneno mapya yakiingia yanaingia hapo, cliccare, chattare, postare, kwa hiyo nguvu zako nyingi weka hapo. La -ere linadanganya. Vitabu vinakupa credere au temere kama mfano safi, afu unaingia mtaani unakuta kwenye participio prendere inatoa preso, leggere inatoa letto, scrivere inatoa scritto, yaani vinavyofuata kanuni mpaka mwisho ni vichache, vendere, ricevere, ripetere na wenzao. Na hata hivyo vichache kwenye passato remoto (wakati uliopita wa kusimulia hadithi) vingine vina sura mbili, credei au credetti, zote sahihi, chagua moja uendelee na maisha.

Kundi la -ire nalo limegawanyika, wengine wanachomeka -isc- wengine hawachomeki. Dormire (kulala) ni dormo, dormi, dorme, lakini finire (kumaliza) ni finisco, finisci, finisce, afu ukifika noi na voi isc inapotea, finiamo, finite, inarudi kwa wao, finiscono. Cha kufurahisha ni kwamba inatokea kwenye presente tu, ya indicativo na ya congiuntivo, pamoja na imperativo, kwingine kote finire na dormire ni ndugu. Utajuaje nani anachomeka? Kuna mbinu ya kuhesabu herufi 5 kutoka mwisho wa neno: ukikuta irabu, weka isc (finire, capire, pulire, preferire), ukikuta konsonanti, acha (dormire, partire, sentire, aprire). Sio ya kuwekea kiapo, garantire na fornire zinaivunja mchana kweupe, garantisco, fornisco, lakini inakuokoa mara nyingi kuliko inavyokuangusha.

Sasa kitu ambacho vitabu vilivyoandikiwa wazungu havitakwambia, maana kwao sio shida kama kwetu. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, ndivyo ulimi wetu ulivyozaliwa. Kwa hiyo tukiona parlano tunasema parLAno, wakati Muitaliano anasema PARlano. Nafsi ya wao ndo inatukamata karibu kila mara: PARlano, parLAvano, parLASsero, parleREBbero, na telefonare ndo kabisa, teLEfonano, mkazo uko silabi ya nne kutoka mwisho, ukiitamka kwa mara ya kwanza unahisi kama utaanguka. Na mkazo sio urembo. Parlo ni naongea, parlò ni yeye aliongea, herufi zilezile, tofauti ni pale sauti inapopanda, na ndo maana ile alama juu ya o haiachwi kwenye kuandika.

Ndugu yake ni konsonanti mbilimbili. Parleremo ni tutaongea, parleremmo ni tungeongea, m moja inakutoa kwenye ahadi inakupeleka kwenye "ingekuwa". Kaa kwenye hiyo m, ivute, usione aibu.

Wakati ujao wenyewe una historia yake, zamani ulikuwa infinito ikifuatwa na kitenzi cha "kuwa na", ndo maana mwisho wake -ò, -ai, -à, -anno unafanana na ho, hai, ha, hanno. Ukijua avere (kuwa na) unakuwa ushajua nusu. La kukumbuka tu ni kwamba -are inageuka -er, parlerò sio parlarò, afu cercare na pagare zinaongeza h ili sauti isibadilike (cercherò, pagherò) na mangiare inadondosha i, mangerò. Hayo ni ya tahajia, yapite haraka.

Matumizi ya futuro ndo matamu. Unampigia mtu simu hapokei, Muitaliano anasema dormirà. Ukitafsiri kikasuku ni "atalala", lakini anachomaanisha ni "atakuwa kalala", anakisia jambo la sasa hivi. Na sisi si tunasema hivyohivyo? Atakuwa kalala, atakuwa kasahau. Hata ya nyuma ipo, avrà dormito male, atakuwa alilala vibaya. Hii kitu inatuingia bila hata kuelezwa.

Kwa wakati uliopita usitafute mechi kamili ya -li- na -me-, hamna. Passato prossimo, ho parlato, inabeba zote mbili, niliongea na nimeongea, ila angalia vitenzi vingi vya kwenda na kufika vinatumia essere (kuwa) badala ya avere, na hapo participio inafuata jinsia na idadi, sono arrivato akiwa mwanaume, sono arrivata akiwa mwanamke, siamo arrivati mkiwa wengi. Passato remoto, parlai, kaskazini mwa Italia kwenye maongezi utaisikia kwa nadra sana, kusini na Toscana bado iko hai, na kwenye vitabu vya hadithi iko kila ukurasa. Kwa hiyo jifunze kuitambua kwanza, kuiongea itakuja kama utakaa huko.

Tuje kwenye congiuntivo, mzimu wa kila mwanafunzi. Nusu yake tunayo. Nataka useme, ile -e ya mwisho ndo kazi yake, voglio che tu parli. Kinachotokea ni kama makundi yamebadilishana nguo: ya -are ambayo kawaida yeye wake anaishia na a (parla) anavaa i (parli), ya -ere na -ire yanavaa a (creda, dorma, finisca). Na kwa kuwa mimi, wewe na yeye wote wanafanana hapo, ndo maana tu, lui, lei hazidondoshwi ovyo kama kwingine.

Nusu nyingine hatuna. Sisi "najua amelala" na "nadhani amelala" kitenzi ni kilekile, Kiitaliano kinasema so che dorme lakini credo che dorma, ukishasema unadhani, unaogopa au unatumaini, kitenzi cha pili kinageuka. Na kabla pia, prima che parta, pale sisi tunapoweka hajaondoka. Wenyewe kwenye maongezi utawasikia wanasema credo che dorme bila wasiwasi, na utasikia wengine wanakunja sura kabisa.

Halafu -nge-. Hapa ndo mtego wetu mkubwa. Ningefanya kazi kidogo ningelala zaidi, sisi tunaweka nge pande zote mbili, kwa hiyo tukijua lavorerei ni "ningefanya kazi" na dormirei ni "ningelala" tunaunga moja kwa moja, se lavorerei di meno dormirei di più. Hapana. Upande wenye se (kama) unataka congiuntivo imperfetto, upande wa pili ndo condizionale: se lavorassi di meno, dormirei di più. Waitaliano wenyewe wanakosea hapo na wanasutwa tangu shuleni, kwa hiyo usijione mjinga. Ile ya -ngali- ni hivyohivyo kwa kutumia avere, se avessi studiato, avrei capito (ningalisoma, ningalielewa). Na kama kichwa kimechoka kuna njia ya mkato inayotumika sana kwenye maongezi, se studiavo, capivo, imperfetto pande zote mbili kama nge yetu, ila usiiandike kwenye mtihani.

Bado imperativo, na hapo zile nguo zinatusaidia. Kumwamuru mtu unayemzoea ni parla, credi, dormi, finisci. Mtu wa heshima, yaani Lei, unachukua congiuntivo, parli, creda, dorma, finisca. Kwa hiyo parli kwa rafiki ni "unaongea" na kwa mkubwa ni "ongea tafadhali", mazungumzo ndo yanakwambia ni ipi. Kukataza mkubwa ni non parli, kikundi ni non parlate, lakini kwa rafiki unaweka non mbele ya infinito tu, non parlare, non dormire, yaani kitenzi kinabaki vilevile kilivyo kwenye kamusi.