Warusi Waliomba Kabla ya Kuasi

Nilipofundishwa Mapinduzi ya Urusi shuleni, nilikariri sababu zake moja baada ya nyingine kwa ajili ya mtihani: vita, njaa, ukabaila, udhaifu wa Tsar (yaani mfalme wa Urusi), kisha Lenin. Sababu hizo zote ni za kweli na sina haja ya kuzipinga. Lakini kadiri ninavyoirudia historia ile ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba orodha yangu ya shuleni iliacha jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba wananchi wa Urusi hawakuanza kwa kuasi. Walianza kwa kuomba. Waliomba kwa miaka mingi, kwa heshima na kwa maandishi, huku wakimwita mtawala wao baba, na utawala wa kifalme ulianguka baada ya imani hiyo kuuawa kidogo kidogo na yule yule aliyekuwa akiombwa.

Nichukue ombi lililo mashuhuri kuliko mengine, lile la Januari 1905. (Tarehe ninazotumia ni za kalenda ya Kirusi ya wakati ule, ambayo katika karne ya 20 ilikuwa nyuma ya yetu kwa siku 13, ndiyo maana mapinduzi yaliyotokea Machi kwa hesabu yetu yanaitwa ya Februari.) Wafanyakazi wanne walikuwa wameachishwa kazi katika kiwanda kikubwa cha chuma cha Putilov jijini St. Petersburg, wenzao wakagoma ili warudishwe, na katika siku chache mgomo ukasambaa hadi watu zaidi ya laki moja wakawa wameweka zana chini. Aliyewaongoza alikuwa kasisi wa Kiorthodoksi, Georgy Gapon, ambaye chama chake cha wafanyakazi kilikuwa kimeruhusiwa na polisi wenyewe, kwa matumaini kwamba kingewaweka watu mbali na wanamapinduzi. Hawa basi hawakuwa watu wa mabomu. Walikuwa wale raia watiifu ambao serikali yoyote yenye busara ingewashika kwa mikono miwili.

Waraka waliouandika ulisomwa kwa sauti katika kumbi za chama hicho, mkutano baada ya mkutano, na waliohudhuria wakaitikia kwa kiapo. Ukiusoma leo unasikia sauti mbili ndani ya karatasi moja. Sauti ya kwanza ni ya mtoto kwa mzazi: tumekuja kwako, Ee Mfalme, kutafuta haki na ulinzi, tumekuwa mafukara, tunaonewa, hatuhesabiwi kuwa binadamu. Sauti ya pili ni ya raia anayejua anachodai: siku ya kazi ya saa 8, uhuru wa kusema na kukusanyika, elimu ya lazima kwa wote kwa gharama ya serikali, kufutwa kwa malipo ya ardhi yaliyowakandamiza wakulima, kukomeshwa kwa vita dhidi ya Japani, na bunge la katiba litakalochaguliwa kwa kura ya siri na ya usawa. Mwishoni wanasema kwamba asipowasikia watafia pale pale, mbele ya kasri lake, kwa kuwa hawana tena pa kwenda.

Hayo malipo ya ardhi yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu mzizi wa manung'uniko yote umelala hapo. Aleksander II alipowaachia huru watwana mwaka 1861, mamilioni ya watu waliokuwa mali ya makabaila walitangaziwa kwamba sasa wao ni watu huru. Ardhi waliyoilima vizazi na vizazi, hata hivyo, hawakupewa bure. Serikali iliwalipa makabaila, kisha ikawadai wakulima deni hilo kwa awamu za miaka 49 pamoja na riba, na katika wilaya nyingi kabaila alijimegea kwanza vipande vilivyo bora, yakiwemo malisho, misitu na njia za kufikia maji. Deni lilikuwa la kijiji kizima kwa pamoja, kwa hiyo jirani akishindwa kulipa unabeba wewe, na ukitaka kuondoka kijijini kwenda kutafuta maisha unahitaji ruhusa ya baraza la kijiji lililofungwa na deni lile lile. Mkulima wa Kirusi aliamini kwamba ardhi ni ya Mungu na haki ya kuitumia ni ya anayeilima. Kumtangazia mtu kama huyo uhuru, kisha kumtoza nusu karne kwa udongo alioumwagia jasho babu yake, ni kumpandia kinyongo ambacho atakirithisha kwa watoto wake, na ndivyo ilivyokuwa.

Wakulima wengi, lakini, hawakumlaumu Tsar. Walisema kwamba Tsar ametoa uhuru wa kweli, ila makabaila na maofisa wameuficha. Imani hiyo ya kwamba baba ni mwema na wabaya ni watumishi wake ndiyo iliyoubeba ufalme wa Urusi kuliko jeshi, kuliko polisi wa siri, na pengine kuliko hata Kanisa. Mtawala aliyeurithi utajiri huo wa imani mwaka 1894 alikuwa Nikolai II, na hakuchukua muda kuanza kuufuja. Januari 1895, wajumbe wa mabaraza ya majimbo walipofika kumpongeza, huku baadhi yao wakiwa wameeleza kwa unyenyekevu matumaini kwamba sauti ya wananchi ingesikika katika utawala, aliwaambia hadharani kwamba hizo ni ndoto zisizo na maana, na kwamba atalinda utawala wake usio na mipaka kama alivyoulinda baba yake. Mwaka uliofuata, katika sherehe za kutawazwa kwake, zaidi ya watu 1,300 walikanyagana hadi kufa katika uwanja wa Khodynka mjini Moscow, wakigombea zawadi za kikombe, mkate na soseji. Jioni ile ile Tsar na mkewe walihudhuria dansi kwa balozi wa Ufaransa. Simdhanii kwamba alikuwa mtu asiye na huruma. Alishauriwa vibaya, akakubali, na wafiwa waliona kile walichokiona.

Narudi kwenye Jumapili ile, tarehe 9 Januari 1905. Watu walitoka katika vitongoji vya viwanda wakiwa wamevaa nguo zao za kanisani, pamoja na wake zao na watoto, wakibeba picha takatifu na picha za Tsar mwenyewe, wakiimba nyimbo za dini na wimbo wa kumwombea Tsar kwa Mungu. Hakuwepo kasrini. Alikuwa Tsarskoye Selo, nje ya jiji, na mapokezi aliyoyaacha yalikuwa askari. Kundi la Gapon lilipofika kwenye Lango la Narva lilipigwa risasi, na makundi mengine yalipigwa kwenye madaraja na karibu na Kasri la Majira ya Baridi. Serikali ilikiri vifo vya watu zaidi ya mia moja, na watu mitaani waliamini idadi kubwa zaidi kuliko hiyo. Jambo ambalo mimi hulifikiria mara kwa mara ni zile picha zilizoanguka thelujini, kwa maana mtu anayembeba Tsar kifuani pake kama ngao amekwisha kusema kila neno la utiifu linaloweza kusemwa.

Siku 10 baadaye kikaletwa kikundi kidogo cha wafanyakazi waliochaguliwa na maofisa, wakasimamishwa mbele ya Tsar, naye akawaambia kwamba anawasamehe. Anawasamehe! Katika historia nzima ya anguko lake sioni kauli inayoonesha umbali kati yake na wananchi wake waziwazi kuliko hiyo.

Mwaka huo ukawaka moto. Wafanyakazi waligoma, mashamba ya makabaila yakachomwa, na katika meli ya kivita ya Potemkin mabaharia waliasi baada ya kutakiwa wale nyama yenye funza ambayo daktari wa meli alikuwa ameipitisha. Hata hivyo watu hawakuacha kuandika. Februari 1905 Tsar alikuwa ametoa amri iliyowaruhusu raia kuwasilisha mapendekezo na malalamiko yao, na vijiji vikaitikia kwa maelfu ya maazimio, mengi yakiwa yameandikwa na mwalimu au karani wa kijiji na kutiwa alama ya msalaba na wazee wasiojua kusoma. Waliomba ardhi, shule, na kupunguziwa kodi. Oktoba, mgomo mkuu ulipoisimamisha nchi nzima pamoja na reli zake, Tsar akaahidi uhuru wa kiraia na bunge, yaani Duma. Wakulima walipeleka matumaini yao huko. Bunge la kwanza lilipolizungumzia suala la ardhi kama walivyolitaka wao, lilivunjwa baada ya siku 72. La pili nalo likavunjwa mwaka 1907, sheria ya uchaguzi ikabadilishwa ili makabaila wawe na sauti kubwa, na waziri mkuu Stolypin, ambaye alijaribu kweli kuwapa wakulima umiliki wa mashamba yao binafsi, alikuwa pia mtu wa mahakama za kijeshi na vitanzi. Malipo ya ardhi yalifutwa, na hilo nalihesabu kuwa jema lililochelewa mno. Miaka mitano baadaye, wachimba dhahabu wa Lena huko Siberia waligoma kwa sababu ya nyama mbovu waliyouziwa, wakapigwa risasi, na waziri wa mambo ya ndani akaliambia bunge kwamba ndivyo ilivyokuwa na ndivyo itakavyokuwa.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 palikuwa na kitambo kifupi cha umoja, kisha kikapita. Wanaume wapatao milioni 15 waliandikishwa jeshini kadiri vita vilivyoendelea, wengi wao wakulima, na mwaka 1915 jeshi lilirudi nyuma katika eneo kubwa sana huku askari wakikosa hata bunduki. Nikolai akajitwalia mwenyewe uongozi wa jeshi, akahamia makao yake mbali na jiji kuu, na tangu siku hiyo kila kushindwa kukawa kwake. Habari za Rasputin, yule mtu wa dini aliyeaminiwa mno na mke wa Tsar, nazipita haraka, kwa kuwa zimeandikwa mno. Zilichafua jina la ukoo wa kifalme, lakini si Rasputin aliyewasimamisha wanawake usiku kwenye baridi.

Walisimamishwa na mkate. Urusi ilikuwa na nafaka. Tatizo ni kwamba mkulima hakuona sababu ya kuuza ngano yake kwa fedha iliyokuwa ikipoteza thamani kila mwezi, na hata alipouza, reli zilikuwa zimeelemewa na mahitaji ya jeshi. Basi huko Petrograd, kama St. Petersburg ilivyokuwa ikiitwa tangu vita vianze, mwanamke aliyefanya kazi kutwa nzima kiwandani alikwenda kushika foleni ya mkate mweusi kabla ya kupambazuka, mume yuko vitani, watoto wako peke yao nyumbani, na mara nyingi alifika dirishani akaambiwa umekwisha. Foleni zile zilikuwa baraza. Humo barua za kutoka vitani zilisomwa, bei zikalinganishwa, wafu wakatajwa majina. Polisi wa siri walilijua hilo vizuri, na waliandika katika taarifa zao kwamba akina mama waliochoshwa na foleni ni shehena ya vitu vikavu vinavyosubiri cheche moja. Serikali iliyotumia fedha nyingi kusikiliza minong'ono ya raia wake ilipata taarifa sahihi kabisa, na haikufanya lolote la maana.

Tarehe 23 Februari 1917, Siku ya Kimataifa ya Wanawake, wafanyakazi wa kike wa viwanda vya nguo katika mtaa wa Vyborg waliacha mashine, wakaenda kwenye viwanda vya chuma kuwaita wanaume watoke, wakaelekea katikati ya jiji wakipaza sauti: mkate! Siku mbili baadaye jiji lilikuwa katika mgomo mkuu, na Tsar akatuma simu ya maandishi kutoka makao makuu ya jeshi akiamuru fujo zikomeshwe kesho yake. Tarehe 26 askari walipiga risasi, na watu wakafa tena barabarani kama mwaka 1905. Tofauti ilijitokeza usiku. Katika kambi ya kikosi cha Volynsky, askari waliofyatua risasi mchana ule walikaa kuzungumza juu ya waliyoyatenda, na sajini mmoja, Timofey Kirpichnikov, akakubaliana na wenzake kwamba hawatatoka tena kuua wananchi. Asubuhi walimpiga risasi kamanda wao, wakaenda kuviita vikosi vya jirani, na kufikia jioni makumi ya maelfu ya askari walikuwa upande wa umma. Watu husema kwamba jeshi liliasi, lakini askari wa kambi zile walikuwa nani? Wengi walikuwa vijana wa vijijini waliovalishwa sare, wana wa wale waliotia alama ya msalaba kwenye maazimio ya mwaka 1905 na wajukuu wa wale waliolipia ardhi ya babu zao.

Tarehe 2 Machi, ndani ya behewa la treni mjini Pskov, majenerali wake wakiwa wamemshauri ajiuzulu, Nikolai aliachia kiti cha enzi, na utawala wa ukoo wa Romanov uliodumu kwa miaka zaidi ya 300 ukafikia kikomo. Usiku ule aliandika katika shajara yake kwamba pande zote amezungukwa na usaliti, woga na udanganyifu.

Serikali ya Muda iliyomfuata ilitangaza uhuru mwingi, lakini iliendelea na vita na kuwaambia wakulima wasubiri bunge la katiba kuhusu ardhi. Vijiji vikaandika tena. Majira ya joto mwaka 1917 maombi 242 ya wajumbe wa wakulima yaliunganishwa kuwa waraka mmoja uliotaka umiliki binafsi wa ardhi ufutwe na ardhi itolewe kwa wanaoilima. Usiku wa tarehe 26 Oktoba, siku moja baada ya chama chake cha kimapinduzi, Wabolsheviki, kutwaa madaraka, Lenin alisimama mbele ya mkutano wa masovieti, yaani mabaraza ya wafanyakazi na askari, kusoma Amri ya Ardhi, na ndani ya amri ile aliuweka waraka wa wakulima karibu neno kwa neno, ingawa haukuwa sera ya chama chake.